Kununua katoni nzima ya vigari kabla haijafika rafuni: biashara au ulanguzi?

Kigari64 (mleta uzi), Malindi

Assalam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu hamjambo. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimekaa na jambo hili kifuani tangu Idi.

Mimi nakusanya vigari vya Hot Wheels, vile vya kipimo cha moja kwa 64 vinavyoenea kwenye kiganja. Mwanangu wa miaka minane naye ameshavipenda. Mwaka huu hakununua peremende wala hakupanda bembea. Mkono wake wa Idi wote, wa babu yake, wa shangazi zake wa Mambrui, wa majirani, aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga mpaka zikafika shilingi 740. Hesabu alishaipiga mwenyewe: vigari viwili vya 350, na 40 ya kubaki.

Siku ya tatu tukapanda tuktuk mpaka supamaketi. Vyuma vya kutundikia vilikuwa vitupu vyote, na kikaratasi cha bei kiko pale pale chini, 350. Nikamwita kijana anayepanga bidhaa. Akageuka nyuma kwanza, kisha akanijibu kwa sauti ya chini: "Ami, katoni ilifika jana usiku. Utepe haukukatwa. Imetokea mlango wa stoo."

Katoni moja ni vigari 72.

Magharibi haijaingia, simu ikaanza kulia. Ni kundi letu la WhatsApp la wakusanyaji wa Pwani. Picha baada ya picha, vigari vimepangwa juu ya mkeka, katoni iko pembeni. Vya kawaida 1,000 kila kimoja. Na kimoja kimewekwa peke yake, kadi yake ina alama ya moto wa rangi ya dhahabu: "Kuanzia 6,000, mwenye nguvu achukue."

Kwa msiojua: kampuni yenyewe, Mattel, walianza kutengeneza vigari hivi mwaka 1968 wakiwa na aina 16 tu. Mwaka 1995 wakaanza kutoa vingine vichache kwa jina la Treasure Hunt, yaani kutafuta hazina, na tangu 2007 viko vya daraja mbili. Vile vya juu vina rangi inayong'aa kama chuma kilichopakwa asali na magurudumu ya mpira badala ya plastiki. Kiwandani huchanganywa na vingine ndani ya katoni na kuuzwa bei ile ile. Ninavyoelewa mimi, raha yote iko hapo. Mtoto mwenye 350 na mtu mzima mwenye 10,000 wanasimama mbele ya rafu moja, na mwenye jicho ndiye anayepata.

Mwanangu alipoona zile picha aliniuliza: "Baba, huyu ana watoto wangapi?"

Sikuwa na jibu.

Mnielewe vizuri. Faida siipingi. Babangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri yuko ufukweni, ananunua kwa wavuvi, saa mbili yuko barazani kwa watu akiuza kwa bei ya juu, na faida hiyo ndiyo iliyonisomesha. Lakini babangu alinunua mbele ya macho ya kila mtu, na kila mchuuzi aliyewahi ufukweni alikuwa na nafasi yake. Huyu mwenzetu amekwenda kuipokea bidhaa njiani. Na sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua mali kabla haijafika sokoni. Kwangu mimi mlango wa stoo ndio njia ile ile ya msafara.

Nauliza: nimekosea wapi?

KasaWaMuyeye

Hujakosea popote. Hata mimi nilikwenda wiki ile na binti yangu tukarudi mikono mitupu. Nilidhani havijaletwa.

MchuuziMdogo

Salaam. Si mimi niliyechukua hiyo katoni, lakini nauza vigari na midoli tangu 2021, kwa hiyo maneno haya yananigusa na nitajibu.

Kwanza, mnaona bei ya mwisho tu, safari hamuioni. Nimetoka Malindi usiku kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi, nikasimama nje ya duka mpaka likafunguliwa, nikakuta vigari vinne vya maana. Nauli, chakula, siku nzima ya kazi. Mwezi uliopita nilimtumia mteja wa Lamu kisanduku kimoja: basi mpaka Mokowe, kutoka hapo boti, na kijana wa kukipeleka mpaka mtaa wa Langoni. Huyo mtu Lamu alikuwa akingoja rafu gani?

Pili, vigari si unga. Mwaka 2020 wakati wa korona, Mamlaka ya Ushindani iliiamuru supamaketi moja irudishe pesa za wateja kwa kupandisha bei ya sanitaiza, na mimi nilishangilia, kwa sababu pale ni uhai wa watu. Kigari ukikikosa unalala vizuri tu.

Tatu, vitu hivi vina thamani ya kweli, hatukuibuni sisi wachuuzi. Kuna wachumi wa chuo kikuu kimoja cha Moscow waliochunguza bei za seti za LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta kwa wastani zimeongezeka thamani asilimia 11 kwa mwaka. Mtu akijua hivyo na akanunua mapema, kosa lake nini? Anayenunua kwangu anaiona bei, anakubali, analipa. Sijamshika mtu mkono.

La mlango wa stoo silitetei. Hilo ni lingine.

BabuTanga

Wajukuu zangu, niko Malindi mwaka wa thelathini sasa, lakini nimezaliwa Tanga, na neno hili ulanguzi lina historia kwangu.

Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria ya uhujumu uchumi na msako ukaanza. Sukari, sabuni na vitenge vilikuwa havionekani madukani, lakini nyuma ya duka vilikuwepo kwa mwenye kujuana. Msako ulipofika, watu walitupa mali usiku. Nimeona kwa macho yangu magunia kwenye mtaro. Sijasahau, kwa sababu mamangu alikuwa amekosa sabuni wiki tatu.

Nataka kusema nini? Uchungu haukuwa bei. Watu walikuwa maskini na walizoea kitu kuwa ghali. Kilichowauma ni kuambiwa "hakuna" na mtu ambaye kitu anacho. Huyo mtoto na kopo lake la maziwa ameambiwa "hakuna".

Sasa MchuuziMdogo, kuhusu thamani ya kweli. Marekani kulikuwa na vidoli vya wanyama vinaitwa Beanie Babies, vya kampuni ya Ty, vilivyoanza 1993. Kampuni ikawa inasimamisha aina moja moja, watu wakaamini kila kinachosimamishwa ni dhahabu. Wakajaza vyumba. Mwaka 1999 mume na mke waliokuwa wakiachana Las Vegas walichuchumaa kwenye sakafu ya mahakama wakigawana vidoli hivyo kimoja kimoja mbele ya hakimu. Picha ile ipo. Baada ya hapo bei ikaanguka, na waliojaza vyumba wakabaki na vitambaa vilivyojaa punje za plastiki.

Mjukuu wangu mwenyewe anataka nimnunulie Labubu, aina ya mdoli. Nikamwomba anieleze, akanieleza mpaka nikaelewa: aliyeichora ni Kasing Lung, mwaka 2015, na Pop Mart ya Uchina ndiyo inayoiuza ndani ya kisanduku kilichofungwa, hujui utakayoipata. Mei 2025 kampuni hiyo ilisimamisha kuiuza kwenye maduka yake ya Uingereza kwa sababu watu walikuwa wakipigana kwenye foleni. Mwezi uliofuata moja yenye kimo cha binadamu ikanadiwa Beijing kwa zaidi ya yuani milioni moja. Nikamuuliza mjukuu wangu, wewe unaipendea nini? Akasema meno yake. Basi. Mtoto anapenda meno, mkubwa anapenda bei, na wote wamesimama foleni moja.

BintiMambrui

Kaka Kigari64, nakuheshimu na uzi wako nimeusoma wote. Ila nina swali, na naomba usilichukulie vibaya.

Si ni wewe mwaka jana uliyetuonyesha hapa kigari cha zambarau ulichokipata kwa mama wa mitumba, ukasema umekinunua 50 na Muitaliano mmoja akakichukua kwa 9,000? Sote tulikupongeza. Hata mimi.

Yule mama alijua anauza nini?

Kigari64

Dada, ni mimi. Lakini mambo haya mawili hayafanani. Yule mama nilimkuta sokoni, mchana, meza yake iko wazi kwa kila mtu. Kigari kilikuwa ndani ya beseni pamoja na vijiko na wanasesere wasio na mikono. Mtu yeyote angeweza kukiokota. Nilichokuwa nacho mimi ni maarifa, na maarifa nimeyatafuta miaka kumi na moja. Bei aliitaja yeye, sikumpunguzia hata shilingi.

TalibuIlmu

Nimechelewa kuingia. Nitasema kwa kadiri ya nilichosoma, na aliye na zaidi aongeze.

Kuhodhi mali ili ipande bei ndiko kunakoitwa ihtikari. Hadithi yake iko katika Sahihi Muslim, kwamba hahodhi ila mwenye makosa. Lakini Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, na sisi wa pwani hii wengi ni Mashafii, ameeleza kuwa iliyoharamishwa ni ihtikari ya vyakula. Kwa kauli hiyo vigari havimo. Abu Yusufu, mwanafunzi wa Abu Hanifa, yeye alisema kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni ihtikari. Hapo ndipo utauliza, je, mtoto kukosa kigari ni madhara? Mimi siwezi kusema ni madhara ya kiwango hicho.

Bei kuwa juu peke yake haina neno. Watu wa Madina walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei zilipopanda, akakataa.

Ila mambo mawili ni mabaya bila shaka. Kijana wa stoo akipewa chochote ili afungue mlango, hiyo ni rushwa, kwa mpaji na kwa mpokeaji. Na kwenye minada ya WhatsApp, yule anayemweka rafiki yake apandishe bei ilhali hana nia ya kununua, hiyo ni najashi, na imekatazwa waziwazi. Najua inafanyika.

Sasa ndugu yangu Kigari64. Umetaja hadithi ya kuulaki msafara. Ni hadithi sahihi, lakini umeileta nusu. Riwaya nyingine katika Muslim ina mwisho wake: mwenye mali akishafika sokoni, ana hiari. Maana yake akikuta ameuza kwa bei ya kutojua, anaweza kuvunja mauzo. Wanavyuoni wengi wamesema moja ya sababu za katazo ni huyo muuzaji, mgeni asiyejua bei ya mji. Wewe umemtazama mnunuzi aliyekosa tu.

Kwa herufi ya fiqhi, yaani sheria za dini, yule mama alikuwa sokoni tayari na mauzo yako ni sahihi. Sitakwambia una deni. Lakini yuko sokoni kwa miguu tu. Soko la vigari vya zamani liko kwenye simu yako, na yeye huko hajafika mpaka leo.

BintiMambrui

Hapo sina la kuongeza.

MchuuziMdogo

Mimi ninalo. TalibuIlmu, ukisema hivyo hakuna atakayenunua kitu mnadani wala mitumbani. Biashara yote ni mmoja kujua zaidi ya mwenzake. Yule mama naye anapofungua belo, anatoa kwanza kamera, yaani nguo safi za daraja la kwanza, anaziuza bei ya juu kwa wateja wake anaowajua. Mwishoni kabisa ndiyo anamwaga fagia, yaani masalio, kila kitu hamsini. Yeye pia anaishi kwa kujua. Vigari alivitia kwenye fagia kwa sababu si kazi yake.

TalibuIlmu

Kweli kabisa. Ndiyo maana sikusema haramu.

Kigari64

Ndugu zangu, jana nilikasirika na nikafunga simu. Nimeamka usiku.

Nitawaambia jambo ambalo mwaka jana sikuliandika. Nilipokiokota kile kigari kilikuwa kimejaa vumbi la belo. Nikapitisha kidole gumba kwenye gurudumu la nyuma, mchirizi mwekundu ukatokea, mwembamba kama uzi. Vyenye mchirizi huo ni vya tangu 1968 mpaka 1977. Nikakigeuza tumboni, nikaona maandishi ya Hong Kong na jina, Custom Camaro, moja ya zile aina 16 za mwanzo. Moyo ulinienda mbio. Na hapo hapo nikakirudisha beseni, nikaokota kijiko, nikauliza bei ya kijiko. Kisha nikauliza bei ya mwanasesere. Kigari nikakiuliza mwisho, kama kitu kisicho na maana, huku nikitazama pembeni.

Uso wangu ulikuwa umefunga utepe wa katoni. Babangu ufukweni hakuwahi kuuliza bei ya samaki asiyemtaka ili mvuvi asijue anayemtaka. Nilidhani tofauti yangu na mwenzetu wa mlango wa stoo ni mchana na usiku.

Bado nasema alilolifanya mwenye katoni ni baya, na nikikutana naye nitamwambia. Kesho nakwenda sokoni.

BabuTanga

Nenda. Na mtoto mchukue.

MchuuziMdogo

Kigari64, hilo la kijiko mimi nalifanya kila wiki. Nimelisoma mara mbili.

Kwa wengine: kuanzia sasa nikipata vya kawaida kwa 350 hapa hapa Malindi sivigusi zaidi ya viwili. Vya kutoka Mombasa nitaendelea kuweka faida yangu, na nauli nitaiandika kwenye tangazo ili muione. Vya kutuma Lamu pia. Zaidi ya hapo sitaahidi, maana nina kodi ya nyumba.

KasaWaMuyeye

Na supamaketi waambiwe waweke kikomo, vigari viwili kwa mteja. Wakati unga ulipoadimika walituwekea pakiti mbili mbili, haikuwashinda.

Kigari64

Nimerudi. Naandika nikiwa barazani, mtoto amelala.

Tulifika saa kumi na nusu. Mama alikuwa amekaa juu ya kreti anakunja mashati. Nikamsalimu, nikamwambia: "Mama, mwaka jana nilinunua kwako kigari cha zambarau kwa hamsini." Hakukumbuka. Nikamwambia nilikiuza elfu tisa. Akaacha kukunja.

"Elfu tisa za Kenya?"

Nikamwambia ndiyo. Nikatoa 4,000 nilizokuwa nimezifunga kwenye karatasi. Nimeikata nusu kwa sababu kukijua, kukisafisha na kumpata Muitaliano ilikuwa kazi yangu, na 500 nimetoa kwa sababu mwezi uko kona, nitazimaliza Ijumaa. Nikamwambia hivyo hivyo. Akazihesabu mara mbili, akazitia kwenye leso kiunoni. Hakunishukuru na sikungoja anishukuru. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Wewe ulijuaje?"

Nikamwonyesha. Akaniletea gunia zima la vitu vya kuchezea kutoka chini ya meza, tukakaa watu watatu, mimi, yeye na mwanangu, tukavigeuza kimoja kimoja. Nikamfundisha kutazama gurudumu, kisha tumbo, kisha ekseli kama imepinda. Hatukupata chenye mchirizi hata kimoja. Tulipata vitatu vya Matchbox vilivyoandikwa Lesney, England, rangi imebabuka, na mwanangu akapata gari la wagonjwa lisilo na mlango mmoja, akaling'ang'ania.

Mama akachukua beseni safi, akavitoa vigari vyote kwenye fagia, akavitia humo na kulisogeza beseni mbele kabisa, karibu na mashati ya kamera. Akachana kipande cha boksi akaandika 100.

Mwanangu akafungua kopo lake. "Mama, hamsini?"

"Hiyo ya jana, mwanangu," akamwambia. Akamtoza 100 kamili.